Kona ya Nkondwe

Kabla ya kuikabidhi njia yoyote kwa mashine, sisi wachora njia tuliitembea kwanza kwa miguu yetu. Tulivua viatu mlangoni, tukajaza maji kwenye bakuli hadi pomoni, tukaliweka kiganjani na kuingia ukumbini, ambako sakafu nzima ilikuwa milima. Ilikuwa milima ya mwanga tu, lakini ukiikanyaga peku ulihisi baridi ya kule juu ikipanda kwenye nyayo. Bonde hapa, mgongo wa mlima pale, na ukungu wa saa ile ile ukipita taratibu kati ya vidole vya miguu yako. Ukifika kwenye kona unageuka. Maji yakimwagika, kona imekukataa, rudi ukachore upya.

Mimi nilipenda kufumba macho. Mzee Chaula, msimamizi wetu, alikuwa akinitania kutoka kwenye kiti chake.

"Twilumba, mwanangu, siku moja utatembea hadi Malawi na bakuli letu."

"Nitakuletea samaki, Mzee."

Niliipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kuna nyakati nilitoka ukumbini jioni nikajikuta natembea barabarani kwa mviringo, watu wakinipisha wakidhani nimelewa ulanzi.

Ndege haijui kona. Hilo ndilo la kwanza unalofundishwa. Mtu anayetoka sokoni anaweza kugeuka pale pale akikumbuka chumvi. Ndege haiwezi, ndege inajua duara tu. Ikienda kasi, duara linakuwa kubwa. Ikilala ubavu zaidi, duara linakuwa dogo. Kwa hiyo sisi tulichora mistari iliyonyooka kutoka nukta hadi nukta, na pale mistari ilipokutana, mashine ilikuja ikaila ile ncha na kuacha mviringo unaorukika. Mashine hiyo tuliiita Shangazi, kwa sababu hakuna jambo utakalompelekea shangazi likarudi kama lilivyokuwa.

Barabara za kwetu zilishachukuliwa na maporomoko, moja baada ya nyingine, hata tukaacha kuzililia. Tulichobaki nacho ni mbayuwayu: ndege ndogo za umeme zisizo na rubani, zinazobeba watu wachache kutoka kilele hadi kilele. Na katika kila mbayuwayu palikuwa na chai. Usicheke. Kwetu huwezi kumkalisha mtu mahali bila kumpa kitu cha moto, na kikombe kisichojaa ni tusi. Abiria aliketi, akapokea kikombe kilichojazwa hadi ukingoni, akatazama mawingu, akasinzia.

Palikuwa na kitufe cha malalamiko pia, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Watu wa milimani hatusemi kwamba tunaogopa. Mtu aliyeuona mwamba ukija dirishani, alipofika chini aliwasalimia waliompokea, "Kamwene, kamwene," akatengeneza shuka lake begani, kisha akabonyeza kitufe na kusema, "Chai imemwagika." Hiyo ilikuwa adabu. Shangazi hakujua adabu. Alisikia chai, akaamini chai. Mwaka baada ya mwaka alijifunza kwamba kona inayorukika ni kona isiyomwaga chai, na kila alipopata lalamiko aliupanua mviringo kidogo, kwa upole, bila kumwamsha mtu.

*

Siku ile nilikuwa katikati ya sakafu, bakuli kiganjani, simu ilipolia sikioni. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mvua imekatika.

"Da Twilumba? Ni mimi Anyambilile, nesi wa Nkondwe. Umekaa?"

"Nimekaa," nikasema, nikiwa nimesimama.

"Ni Lugano."

Lugano ni mdogo wangu wa mwisho. Anasuka vikapu vya mianzi, na sisemi kwa sababu ni wangu: watu walipanda ndege kwenda kumwagizia. Kisu cha kupasulia mianzi kilikuwa kimemponyoka, kikamkata kifundo cha mkono wa kulia hadi mfupani na zaidi.

"Damu nimeizuia," nesi akaendelea. "Madaktari wa hospitali kuu nimeongea nao. Wanasema mkono wanaweza kuuunga, lakini wauone kabla ya giza. Sasa dada, mbona ndege haziji? Tangu mvua zianze tunaita, zinakwenda kutua Igumba. Kutoka Igumba hadi hapa ni kuteremka hadi uchoke. Kumpandisha mtu wa hivi siwezi."

Nilimwambia haiwezekani. Kwenye ubao wetu Nkondwe ilikuwa inawaka kijani kama kijiji kingine chochote. Niliitazama kwenye sakafu, pale ilipo taa yake ndogo, kisha nikapiga magoti nikasogeza uso karibu. Taa ya Nkondwe ilikuwa juu ya mgongo wa Igumba.

Nilielewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Njia ya kuingia Nkondwe inapita kwenye bonde lililokunjika, tunaliita Kiwiko, na kwenye mkunjo pale umesimama mwamba. Kona hiyo ilikuwa kali tangu zamani. Kila abiria aliyeogopa pale alisema chai imemwagika, Shangazi akapanua, akapanua, hadi mviringo ukagusa mlima wa upande wa pili na pakawa hapana tena pa kupanua. Ndipo akafanya kitu cha mwisho alichofundishwa kufanya. Njia isiporukika, sogeza nukta. Akaichukua Nkondwe nzima, na watu wake na mianzi yake, akaiweka mahali ambapo chai haimwagiki, na taa ikabaki kijani.

Nikachora njia ya zamani upya kwa kidole, nikaitembea. Pale Kiwiko maji yaliruka yakanilowesha hadi kwenye kiwiko changu mwenyewe.

Kona ikichukuliwa bila haraka, ndege inalala ubavu na chai inalala nayo, hakuna kinachomwagika. Kinachomwaga ni kulala ghafla. Na pale kwenye mwamba hapana nafasi ya kulala polepole. Lazima mbayuwayu ijitupe.

"Inapita?" nikamuuliza Mzee Chaula.

Alikuwa ameshakuja hadi ukingo wa sakafu, akiwa na viatu vyake mkononi. "Nimeiona ikipita mara nyingi," akasema. "Nimeiona pia siku moja haikupita. Siku hiyo ilikuwa imebeba viazi, namshukuru Mungu."

*

Mbayuwayu tupu ya karibu ingefika giza limeshaingia. Iliyokuwa karibu kabisa ilikuwa inaelea juu ya mawingu kuelekea mjini, na ndani yake walikuwamo watu: wafanyabiashara wawili wa pareto, mwalimu mmoja mstaafu, na mama aliyempakata mtoto.

Niliwatazama kwenye kioo. Walikuwa wamelala wote. Nje ya madirisha yao mawingu yalikuwa meupe yakitandaa hadi mwisho wa macho, na mwanga wake uliwaangukia usoni hata wakaonekana kama watu wanaoota ndoto moja. Vikombe vilikuwa vimetulia mezani. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya kitenge cha mama yake.

Ningeweza kuwageuza bila neno. Ningeichora njia, nikamzima Shangazi kwa safari hiyo moja, wangeamka tayari wako Nkondwe wakisikia chai imewalowesha magoti. Au wasingeamka. Nilifikiri hilo pia. Nisiseme uongo, nililifikiria nikaliweka kando, nikaufikiria mkono wa Lugano, jinsi vidole vyake vinavyojua utepe wa mwanzi bila kutazama.

"Mzee, nifanyeje?"

"Mkono ni wa ndugu yako," akasema. "Hapo ndipo penye shida. Ungekuwa mkono wa mtu baki, ungeniuliza?"

Nilimkasirikia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Nikafungua sauti, na uso wangu ukatokea kwenye kioo cha mle ndani ya ndege.

"Samahanini wazee wangu, samahani mama. Ninaitwa Twilumba, mchora njia." Wakaanza kufumbua macho mmoja mmoja. Nikawaeleza yote: mkono, giza, mwamba, viazi. Nikawaeleza pia kwamba mgonjwa ni mdogo wangu, ili wajue ni nani anayewaomba. "Nimalizie hivi. Kona hiyo mara nyingi inapita. Siwezi kusema inapita kila mara."

Mwalimu alikohoa. "Tupite," akasema, sauti kavu kabisa.

Wafanyabiashara wakatazamana. "Mkono wa msukaji ni shamba lake," akasema mmoja. "Tupite."

"Tupite," akasema mwenzake, akaanza kuinywa chai yake upesi upesi ili iishe.

Mama yule alimvuta mtoto, akakitazama kioo, akanitazama mimi machoni.

"Dada," akasema, "mimi naogopa."

Nadhani hata wale wazee walitazama chini kwa niaba yake. Katika miaka yangu yote kwenye ukumbi ule, maelfu ya watu walikuwa wamepita kwenye kona zetu, na sikuwahi kulisikia neno hilo.

"Mama," akasema mfanyabiashara kwa upole, "ni dakika moja tu. Fumba macho."

"Nikifumba macho mwamba utahama? Baba, nakuheshimu. Pole ya huyo kijana naitoa kwa moyo wote. Lakini nina mtoto hapa, na naogopa. Nishusheni mahali, nyie mwende."

Nilimchukia. Nataka lijulikane. Kwa muda mfupi nilimchukia mwanamke yule kuliko kisu kilichomkata ndugu yangu. Wanne wamekaa ndani, watatu wamekubali, na yeye mmoja anashikilia mkono wa Lugano na hata hamjui. Kidole changu kilikuwa juu ya njia ya Kiwiko. Mzee Chaula aliniona, hakusogea.

Halafu nikamtazama tena yule mama, jinsi alivyokaa wima na aibu yote ya milima yetu imemwangukia, na hakulirudisha neno lake. Kama abiria wa kwanza wa Kiwiko angesema vile, tungeitafutia kona ile dawa mapema, kwa daraja au kwa ndege nyingine, na Nkondwe isingepotea usingizini. Alikuwa mtu wa kwanza kutuambia ukweli. Ningemwadhibu vipi kwa hilo?

Nikaichora njia ya kutua Igumba.

*

Alishuka na mtoto wake, mbayuwayu ikapaa tena. Lakini ukungu haukutungoja. Ulikuwa umeshuka ukakiziba Kiwiko chote, na mwamba ule hauendewi bila kuonekana. Nilisimama peku juu ya bonde lile la mwanga nikiutazama ukungu ukizunguka vifundo vya miguu yangu, na mbayuwayu ikizunguka juu yake, duara baada ya duara, laini, zuri, lisilomwaga tone. Mwalimu mle ndani alikuwa anaimba tenzi kwa sauti ya chini.

Ukungu ulipofunguka, mbayuwayu ilijitupa na kupita. Bawa liliupita mwamba kwa karibu sana hadi Mzee Chaula akakaa chini. Ilimchukua Lugano akiwa amelazwa kwa dawa, ikatoka naye, ikafika mjini taa zikiwa zimeshawashwa.

Madaktari walijitahidi. Mkono haukuungika.

*

Hospitali ilikuwa na madirisha makubwa, na asubuhi jua lilijaa kitandani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza kila kitu, hata pale nilipomchukia yule mama.

"Kwa hiyo ungeweza kuja moja kwa moja," akasema.

"Ningeweza."

"Na ungefika kabla ukungu haujashuka."

"Ndiyo, Lugano."

Alilitazama lile fundo jeupe la bandeji. "Wewe ni dada yangu. Ungenipenda ungenyamaza tu. Wamelala, waache walale, njoo unichukue."

Nikalia. Yeye hakulia. Aligeukia dirisha, na siku zilizofuata aliponiona mlangoni alijifanya amelala.

Sisi ukumbini tuliirudisha nukta ya Nkondwe mahali pake. Kitufe cha malalamiko tukakiondoa. Badala yake, kabla ya Kiwiko, Shangazi huwaamsha abiria wote na kumuuliza kila mmoja kwa zamu. Anayekataa hupelekwa kwanza Igumba na hakuna anayeruhusiwa kumsihi. Watu walilalamika. Walisema tunawaaibisha. Wiki za kwanza wote walijibu "tupite" kwa sauti ile ile kavu, nami nikaanza kufikiri kwamba nimeupoteza mkono wa ndugu yangu bure.

Siku ya kumrudisha nyumbani nilipanda naye. Tulikuwa sita. Hakutaka chai. Tulielea juu ya mawingu muda mrefu, na mimi nilikuwa karibu kusinzia Shangazi alipozungumza: "Mbele kuna kona kali. Tupite, au tutue Igumba?"

Mawingu yalikuwa yamefunguka na Kiwiko kilionekana chote, bonde limejikunja, na mwamba umesimama pale mweusi, unang'aa kwa maji. Lugano alikuwa hajawahi kuuona kutoka juu akiwa macho tangu Shangazi alipoisogeza nukta, na safari ya mwisho aliupita akiwa hajitambui.

"Tupite," akasema mzee wa mbele. "Tupite," akasema mwenye kiti cha nyuma yake. Likaja hivyo kiti kwa kiti. Nikasema langu, kavu kama la wenzangu. Zamu ikamfikia Lugano.

Alikuwa ameukazia macho ule mwamba. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa kiti, na kile kigutu alichobaki nacho upande wa kulia kilikuwa kinajaribu kushika pia, ndani ya mkono wa shati.

"Naogopa," akasema. Kisha, kwa sauti kubwa zaidi, "Niteremsheni."

Hakuna aliyecheka. Mbayuwayu ililala ubavu polepole, ikachukua duara refu kuelekea Igumba. Mzee wa mbele alitikisa kichwa kidogo, akafungua mkoba wake akatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Tulishuka kwenye upepo. Lugano alisimama pembeni ya njia ya kutua, akiwatazama wale wanne waliobaki ndani, waliocheleweshwa kwa ajili yake.

"Hawajasema kitu," akaniambia.

"Hawaruhusiwi."

"Na siku ile? Yule mama aliposhuka?"

"Mwalimu alimbebea mzigo hadi nje, akarudi kitini."

Mbayuwayu ilipaa, ikaenda kuitafuta kona yake. Lugano aliisindikiza kwa macho hadi ikajitupa nyuma ya mlima, akashusha pumzi, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama tulivyokuwa tukilia utotoni. Nilimwacha amalize.

"Dada," akasema, "mtoto wa yule mama anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza."

Nikamshika upande wa kulia, pale chini ya kwapa, tukaanza kuteremka.